Jumapili Thelathini na Saba

Tarehe 9 Januari

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na lile goti la kushoto limeacha ukorofi. Sisi hatujambo. Mke mwenzio anakusalimu, na watoto wanauliza kwa nini hutaki simu kama watu wengine. Nimewaambia sikio lako moja limestaafu na la pili linachagua maneno.

Nakuandikia kuhusu lile daftari la ibada nililolitoa kwenye sanduku lako mwezi uliopita. Nimelisoma ukurasa kwa ukurasa. Tarehe, mhubiri, somo, wimbo wa kufungulia, wimbo wa kufungia, yote kwa mwandiko ule wa karani wenu, umenyooka kama umepigwa rula. Miaka thelathini na mmoja, Bibi! Jumapili elfu moja mia sita na kumi na mbili, nimezihesabu mwenyewe, na kila moja mhubiri ni Babu. Hakuugua? Hakusafiri? Hakuamka hata asubuhi moja akasema leo hapana?

Mwezi Juni kanisa letu linatimiza miaka arobaini, na nimetakiwa nitoe hotuba juu ya uongozi wa mchungaji. Nitamzungumzia yeye. Nataka uniandikie alikuwa anafanyaje. Alikuwa anakula nini, analala saa ngapi, anapanga vipi juma lake. Mimi huu ni mwaka wa tisa tangu nikabidhiwe kanisa hili, na sijakosa Jumapili hata moja. Nimeweka nadhiri nisikose. Jumatatu nina vikao, Jumanne wagonjwa, Jumatano maombi, Alhamisi ndoa zenye matatizo, Ijumaa vijana, Jumamosi harusi au mazishi, mara nyingine vyote viwili kwa suti ileile. Daftari liko mezani pangu, nikichoka nalifungua.

Niko salama kabisa.

Mume wako mdogo,
Mjukuu


Tarehe 20 Januari

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Goti halijaacha ukorofi, na mimi pia sijaacha, kwa hiyo tunaishi vizuri.

Watoto waambie simu siitaki kwa sababu ukinipigia unasema "niko salama" kabla sijamaliza kuuliza. Kwenye karatasi naona mkono. Na mkono wako nimeuona. Zamani herufi zako zilikuwa zinasimama kama askari, sasa zimelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Usiniambie ni kalamu.

Umenikumbusha mbali. Ile nyumba ya kanisa ilikuwa na milango miwili, mmoja wa barabarani, mwingine unatokea uwanja wa kanisa. Wa barabarani ulikuwa wa wageni, kwa hiyo ulikuwa na kutu. Ule wa kanisani ulikuwa haupoi. Nimekaanga kitunguu, hodi. Nimekaa chini, hodi. Babu yako alikuwa na koti moja jeusi limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na alikuwa analivaa kabla hajauliza ni nani. Ulipokuwa mdogo ukija likizo ulikuwa unaingia ndani ya koti hilo lingali kwenye msumari, miguu tu inaonekana, halafu unahubiri. Mahubiri yako yalikuwa mafupi kuliko yake na mimi niliyapenda zaidi.

Alikuwa anacheka sana, babu yako. Hilo liandike. Watu wanamkumbuka sauti, mimi namkumbuka akicheka mpaka anashika ukuta.

Ndiyo, jina lake limo kila Jumapili. Karani alikuwa na mwandiko mzuri. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, na daftari nirudishie, halikukusudiwa kutembezwa.

Sasa na mimi nina swali. Umenipangia juma zima, Jumatatu mpaka Jumapili, nikalisoma mara mbili. Sikuona unakata kucha siku gani. Unakula? Nani anakufokea?

Mkeo wa kwanza,
Bibi


Tarehe 11 Februari

Bibi mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa na kwa ufupi. Kumekuwa na misiba mitatu ndani ya siku kumi, na paa la darasa la watoto limevuja, na wazee wawili wa kanisa hawasalimiani kwa sababu ya viti.

Daftari naomba nikae nalo mpaka Juni. Linanisaidia. Watu hapa wananiambia nipumzike, mke wangu ananiambia nipumzike, nami nafungua ukurasa wowote na kumwona Babu yupo. Daftari naomba nikae nalo mpaka Juni.

Hujanijibu alikuwa anafanyaje. Naomba unijibu.

Kucha ziko sawa.

Ndimi katika utumishi,
Mchungaji


Tarehe 2 Machi

Bibi, shikamoo.

Ni mimi mke mwenzio. Naandika katika chumba cha walimu, wakati wa mapumziko, nimezungukwa na madaftari ya hesabu ya darasa la nne. Mume wetu hajui. Nisamehe kwa kukuletea mzigo, lakini sina mwingine ambaye yeye anamsikiliza.

Jumapili iliyopita alihubiri vizuri. Mwisho wa ibada akainua mikono atoe baraka, yale maneno anayoyasema kila juma, hata mtoto wetu mdogo anayajua. Akafungua mdomo. Hayakuja. Mikono iko juu, mdomo uko wazi, kimya. Mama anayeongoza kwaya akaanzisha wimbo, watu wakaimba wakifuta machozi, wakasema Mchungaji ameguswa. Bibi, hakuguswa na chochote. Mimi nilikuwa namtazama macho. Alikuwa kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alifuata nini.

Siku hizi akirudi jioni anazima gari hapo nje na kubaki ndani yake. Dakika arobaini, mara nyingine saa nzima. Namwona kutoka dirisha la jikoni. Mtoto aliniuliza, "Mama, kwa nini Baba anaishi kwenye gari?" Nikacheka, halafu nikaenda kukata kitunguu nisichokihitaji.

Alikwenda kwa daktari mwezi wa kwanza. Hakuniambia. Karatasi niliiona ndani ya kitabu cha nyimbo: presha, usingizi, apumzike kazi miezi mitatu, na chini yake kumepigwa mstari. Nilipomuuliza alinionyesha lile daftari. Akasema, "Babu alifanya elfu moja mia sita na kumi na mbili."

Bibi, nimewahi kushindana na watu. Sijui namna ya kushindana na marehemu. Ninachokuomba ni kimoja: kama kuna neno lolote la Babu la kumruhusu apumzike, nitafutie.

Mke mwenzio


Tarehe 9 Machi

Mke mwenzangu,

Nimesoma, nimeweka chini, nimesoma tena. Usilie chumba cha walimu, walimu wana midomo.

Neno lipo. Ila si langu peke yangu, niliahidi kulinyamazia pamoja na watu wengine wanne, na mmoja wao bado yu hai. Nipe siku chache nimwendee. Ni mwendo wa asubuhi moja kwa goti hili.

Mpikie tu. Usimpigie magoti. Na hilo gari, siku moja nenda kaketi naye humo, usiseme kitu.

Bibi


Tarehe 17 Machi

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mume. Leo kaa chini. Funga mlango, na kama mtu anagonga, agonge.

Nilikwenda kwa karani. Macho yamekwisha, lakini alinijua kwa kikohozi. Nikamwambia nataka kulisema lile jambo. Akacheka, akasema, "Mama Mchungaji, nilidhani utakufa nalo kabla yangu, nikushinde." Kisha akaniruhusu. Kwa hiyo nalisema.

Ulifungue daftari, mwaka wa kumi na nne. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Mwaka ule tulizika watu wengi. Nyumba nyingine tulizika, tukarudi, tukazika. Babu yako alikuwa na koti lile begani asubuhi mpaka giza, na akirudi anakuta watu wamekaa jikoni kwangu wanamsubiri. Sikumwona akicheka tangu mvua zianze hadi zikaisha. Nami nilikuwa mjinga, nilikuwa najivunia. Nilikuwa nasema kwa wanawake wenzangu, mume wangu hana siku ya kulala. Nilisema kwa sauti.

Jumapili moja kengele ya pili imeshapigwa. Naingia kwenye kile chumba kidogo cha kuvalia joho, namkuta amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja una kiatu, wa pili hauna. Nikamwambia, "Baba, watu wameshakaa." Akatazama kile kiatu kingine kilichokuwa mkononi mwake. Akasema, "Siendi." Nikauliza, unaumwa wapi? Akasema, "Siumwi. Nimeishiwa."

Hakulia. Ingenifariji kama angelia.

Nikatoka mimi. Sikujua hata herufi moja wakati ule, sikuwahi kusimama mbele ya watu. Nikawaita wazee wa kanisa pembeni: karani, mwalimu mstaafu, fundi cherehani na mama mkunga. Nikawaambia, "Mchungaji ameishiwa." Unajua hawakuuliza ameishiwa nini? Mama mkunga alisema tu, "Nilikuwa nahesabu siku." Fundi cherehani akavua tepu ya kupimia aliyokuwa nayo shingoni, akanipa nimshikie, akapanda madhabahuni.

Wakati ule ofisi kuu ikisikia mchungaji ameishiwa, ilikuwa inasema amepoteza imani. Anaondolewa, nyumba inatolewa, na jina lake linatajwa kwenye vikao vya watu asiowajua. Kwa hiyo wale wanne waliamua pale pale uani, joho liko kwenye msumari: watahubiri kwa zamu mpaka arudi, na karani ataandika jina lake. Wakatangazia kanisa zima. Watu mia mbili na kitu, pamoja na wale wanawake wenzangu ambao hawawezi kuficha hata sufuria iliyoungua. Hawakusema. Hata watoto hawakusema. Mkaguzi kutoka ofisi kuu alikuja Jumanne moja, akauliza Mchungaji yuko wapi. Mama mkunga akamjibu bila kupepesa, "Anahudumia mgonjwa mmoja, mkaidi sana." Mkaguzi akaandika kwamba mchungaji wetu ana bidii.

Jumapili thelathini na saba, mwanangu. Si moja, si mbili. Huniamini, tazama wimbo wa kufungia. Kila Jumapili ya nne utaona namba hamsini na nane, hamsini na nane, hamsini na nane. Huyo ni fundi cherehani, hakujua mwingine. Alihubiri mara kumi, na mara ya kwanza alichukua habari ya pindo la vazi, kwa kuwa mapindo alikuwa anayajua. Alitueleza mshono kwa muda wa saa nzima. Mama mkunga alihubiri juu ya kuzaliwa mara ya pili, kwa undani kiasi kwamba wanaume wote walitazama viatu vyao.

Na babu yako je? Alilala siku kumi na moja. Anaamka, anakunywa maji, analala. Halafu siku moja nikamkuta anaosha vyombo, vibaya kabisa, mafuta yamebaki. Sikusema. Halafu akaanza kunifundisha kusoma. Nilikuambia nilijifunza kwenye kikundi cha akina mama. Nilidanganya. Nilijifunza kwa babu yako, kwa chaki, nyuma ya ule mlango wa kanisani, saa za mchana ambazo hakuwahi kuwa nyumbani tangu anioe. Nikikosea herufi anacheka. Ndipo kicheko kiliporudi, kwenye herufi ya "g" niliyokuwa naipindua.

Na Jumapili tulikuwa tunakwenda ibadani, mimi na yeye, benchi la nyuma kabisa. Wewe hujui hilo ni nini. Miaka kumi na minne nilikuwa nakaa benchi la mbele peke yangu, nimevaa kilemba, namtazama mume wangu akiwa wa watu wote. Mwaka ule alikaa karibu yangu. Tulishika kitabu cha nyimbo pamoja, ananionyesha maneno kwa kidole. Bega lake lilikuwa na joto. Nimezeeka, nimezika, nimesahau majina ya watu, bega lile sijalisahau. Mungu anisamehe, mwaka ambao mume wangu alivunjika ndio mwaka ninaoutamani kila siku.

Basi ndiyo hivyo alivyokuwa anafanya. Umeniuliza mara mbili, nimekujibu. Huyo unayeshindana naye hakuwepo.

Kosa ni langu. Ulipokuja na macho yako yale, unamtazama babu yako kama mlima, niliona raha, sikutaka kukuondolea. Nimekuacha ubebe kitu ambacho yeye mwenyewe alikitua.

Bibi yako


Tarehe 4 Aprili

Bibi,

Nimelitazama. Namba hamsini na nane, mara kumi. Nililisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa na sikuona, kwa sababu nilikuwa nahesabu jina tu.

Kanisa zima lilidanganya kwa miezi tisa na wewe unaniandikia kama unanisimulia sherehe. Nimewahubiria watu juu ya mtu huyu. Nimemwambia mke wangu hapana, nimewaambia watoto wangu hapana, nimemwambia daktari hapana, kwa sababu ya daftari la karani mwongo. Umenichukulia babu yangu, Bibi, na hujanipa mwingine.

Hotuba ya Juni siwezi kuitoa. Sijui nitawaambia nini.

Swali moja tu. Alirudije?

Mjukuu


Tarehe 12 Aprili

Mjukuu wangu mwenye hasira,

Hasira nimezipokea, nimezipa kiti, nimezipa chai. Afadhali hizo kuliko ile "niko salama kabisa."

Umeuliza alirudije. Hakuona maono. Hakusikia sauti. Alikuwa anaosha vyombo, na siku hizo alikuwa ameshajua kuviosha. Akaja mjane mmoja kuniazima chungio. Mimi nilikuwa uani. Yule mama akaanza kumweleza habari za mwanawe, na babu yako akasikiliza, mikono iko ndani ya maji. Hakumwombea, hakumshauri. Mama akachukua chungio akaenda. Nikaingia, nikamkuta amesimama pale pale. Akaniambia, "Sikuchoka." Akaniangalia kama mtu aliyesikia njaa baada ya homa ndefu.

Jumapili iliyofuata alisoma somo tu, akaketi. Ya pili akasoma na kuomba. Polepole, kama mtu aliyevunjika mguu. Na ile ya thelathini na nane alipanda akawaambia, "Niliishiwa, mkanibeba." Alikuwa ameandaa maneno mengi. Mama mkunga akasema kutoka benchi la pili, "Tunajua. Endelea." Akaendelea.

Lakini hakurudi kwenye yale ya kwanza. Hapo sikiliza vizuri. Hubiri alibaki nalo, ndilo alilolipenda. Wagonjwa wakawa wa mama mkunga na wenzake. Ugomvi wa ndoa akapewa mwalimu, na yeye alikuwa na ugomvi wake wa kutosha nyumbani, akaujua. Jumatatu mlango wa kanisani ulikuwa na komeo na ufunguo nilikaa nao mimi. Walionuna walinuna. Alihudumu miaka kumi na saba mingine, na huyo babu yako unayemkumbuka, anayecheka anashika ukuta, ni wa miaka hiyo kumi na saba. Sikukuchukulia. Ndiye huyo. Ulimjua.

Umesema karani ni mwongo. Ni kweli, na mimi pia. Tulidanganya kwa sababu tulimwogopa mtu wa ofisi kuu, na tukampenda mchungaji wetu kuliko daftari. Leo ningefanya tena. Ila nimekaa na barua yako siku kadhaa na naona tulipokosea. Aliporudi, tungeandika ukweli. Tungeandika "fundi cherehani" mahali pa fundi cherehani. Mtu angekuja kulisoma miaka arobaini baadaye akajua kwamba kanisa lina watu.

Sasa wewe unamwogopa nani? Ofisi kuu ya siku hizi si ndiyo inayomlipa daktari wenu? Ile karatasi itoe ndani ya kitabu cha nyimbo, ndiyo, najua ilipo, na usimgombeze mke mwenzangu. Wapelekee wazee wako. Usisingizie mgongo. Usisingizie safari. Waambie umeishiwa, halafu unyamaze uone nani anavua tepu.

Na wakikataa, pumzika hivyo hivyo. Jeneza lako sitaki kulisindikiza, goti langu halifiki.

Anayekupenda hata ukinuna,
Bibi


Tarehe 6 Mei

Bibi, shikamoo.

Nakuandikia mimi kwa sababu yeye amelala. Ni saa nane mchana na amelala, na nimewatishia watoto kwa mwiko wasithubutu kufungua mlango ule.

Jumamosi iliyopita aliwaita wazee wote kwenye ofisi ya kanisa. Aliniomba nami niwepo. Viti vile vya plastiki, feni inayolia, chai ya chupa. Akatoa karatasi ya daktari akaisoma, akasema, "Nimeishiwa." Kisha akanyamaza kama ulivyomwagiza.

Mzee mmoja alisema watu wa imani hawachoki. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililouma zaidi. Kabla mume wetu hajajibu, yule mama wa kwaya akaweka kikombe chini. Akasema, "Mzee, tafadhali. Mchungaji, mimi nimekuwa nikikufichia huu mwaka wa pili. Ukisahau aya, naanzisha wimbo. Kwaya nzima inajua. Tunaangalia mkono wako wa kushoto, ukianza kushika ukingo wa mimbari, tunasimama." Mzee mwingine, fundi bomba, akasema naye alikuwa akiwajibu watu simu wakimtafuta Mchungaji Jumatatu, anawaambia hapatikani. Hakuna aliyekuwa amewatuma.

Alilia, Bibi. Mbele yao wote. Na wao hawakujua wafanye nini na machozi ya mchungaji, wakammiminia chai.

Miezi mitatu amepewa. Si wote wamefurahi. Familia mbili zimesema zinahama, na yule mzee bado ana uso mzito. Katibu akauliza kwenye daftari aandike nini. Mume wetu akasema, "Andika jina la anayehubiri." Juzi alihubiri mzee fundi bomba, dakika kumi na mbili tu, jasho linamtoka, na watu walitoka wakiwa na furaha isiyo ya kawaida. Sijui kama ni Roho au ni muda.

Hotuba ya Juni atatoa mama wa kwaya. Habari ya Babu, mume wetu amesema si yake kuitangaza, ni yako.

Nilikaa naye kwenye gari, kama ulivyosema. Siku ya tatu akaniambia mambo yote.

Mke mwenzio


Tarehe 29 Mei

Bibi,

Sasa ni wiki ya nne. Nalala, nakula, namsindikiza mtoto shule kwa miguu. Juzi nilitoa machozi kwenye duka la viatu bila sababu, muuzaji akanipunguzia bei.

Naomba unisamehe kwa barua ile ya Aprili.

Lakini nikuambie ukweli, kwa kuwa tumeanza kuambiana. Maneno hayajarudi. Nikifunga macho niombe, ni kama kupiga simu isiyopokelewa. Babu alikuwa na mjane na chungio. Mimi nangoja, na hakuna anayekuja. Miezi miwili imebaki, na watu wananisalimia kanisani kwa matumaini makubwa mpaka napita mlango wa pembeni.

Nisiporudi, je? Nikiwa mtu wa kuishiwa tu, moja kwa moja? Tunaweza kuja kwako mwezi ujao? Naogopa kidogo kukutazama.

Mume wako mdogo


Tarehe 5 Juni

Mume wangu mdogo,

Njooni. Chumba cha nyuma nimekifagia na kitanda kimewekewa tofali mahali pa mguu ule mfupi, kwa hiyo usijirushe.

Jirani zangu wameuliza nani anakuja, mbona nimeanza kufua mashuka. Nimewaambia ni mjukuu wangu na mkewe na watoto. Sikutaja kazi yako. Akija mtu kutaka maombi, mimi bado naweza kuomba, na najua kufupisha.

Umeniuliza usiporudi, je. Nimelifikiria siku tatu, sikutaka kukujibu haraka haraka. Ukirudi nitafurahi, nitakuja nikae benchi la nyuma na mke mwenzangu, na ukizidisha nusu saa nitakohoa. Usiporudi, utakuwa mjukuu wangu asiyehubiri. Ninao wengine wanane wa namna hiyo. Mmoja anatengeneza friji, mmoja haeleweki anafanya nini, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumfungulia mlango kwa sababu ya kazi yake.

Njoo na ndala za kukokota. Na ufike mchana, nikuone vizuri.

Mkeo wa kwanza,
Bibi